Hati Iliyo Wazi: Kiswahili, Programu Huria za Ofisi na Suala la Usanifishaji



Mwezi Desemba mwaka 2004 ilitolewa jijini Dar es Salaam programu ya ofisi iliyopewa jina la Jambo OpenOffice. Kiini chake kilikuwa OpenOffice.org toleo la 1.1.3, lakini menyu zake, visanduku vyake na maelekezo yake vilikuwa katika Kiswahili. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bila malipo, kuinakili, kumpa jirani yake, na hata kuifungua ndani na kuibadilisha. Kazi hiyo ilifanywa na mradi ulioitwa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, kwa fedha za msaada kutoka nchi hiyo.

Katika masimulizi tuliyoyazoea ya historia ya Kiswahili, yale yanayoanzia kwenye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, yakapitia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kufika kwenye kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967, tukio hili hutajwa kwa nadra sana. Linaachiwa watu wa kompyuta. Kusudi la mhadhara huu ni kulidai lirudi kwetu sisi wanaisimu, kwa sababu katika tukio hilo zilikutana aina mbili za usanifishaji: ule wa lugha, ambao tunaufahamu, na ule wa hati, yaani makubaliano ya namna maandishi yanavyohifadhiwa ndani ya kompyuta, ambao wengi wetu tunautumia kila siku bila kujua kwamba upo. Katika aina zote mbili swali ni moja, nalo ni la mamlaka: nani anakaa kwenye meza ya kuamua, na ni nani anayeletewa uamuzi uliokwisha kukatwa?

Neno huria

Nianze na neno lenyewe. Harakati hii ilizaliwa Marekani, pale Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na tangu hapo wenye lugha ya Kiingereza wamekuwa wakilazimika kueleza, kila wanaposimama kusema, kama wanakusudia kitu kisicho na bei au kitu kisicho na kifungo, maana neno lao moja hubeba maana zote mbili. Sababu mojawapo ya kubuniwa kwa jina jingine la harakati hiyo mwaka 1998 ilikuwa kuikimbia tata hiyo. Mswahili hana tatizo hilo. Anayo bure, anayo huru, na anayo huria, na hazichanganyiki. Kitu cha bure kinaweza kuwa na kifungo, na kitu huria kinaweza kuuzwa.

Hata hivyo, neno huria halikufika kwenye kompyuta likiwa tupu. Mwaka 1992 kilianzishwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambamo neno hilo lina maana ya mlango usiofungiwa mtu kwa sababu ya umri au mahali anapoishi. Katika miaka hiyohiyo magazeti yetu yalijaa soko huria, na kwa wafanyakazi wa viwanda vilivyobinafsishwa neno hilo halikuwa na ladha tamu. Kwa hiyo programu huria iliingia katika lugha ikiwa na ndugu wawili wasiofanana: mmoja ni wa elimu iliyofunguliwa kwa wote, mwingine ni wa biashara iliyoachiwa ijiendee. Ni jambo la kustaajabisha kwamba programu hizo zilikuja kuwa uwanja wa mvutano kati ya fikra hizohizo mbili.

Chimbuko la OpenOffice

Historia ya programu yenyewe nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1985 kijana wa Kijerumani, Marco Börries, akiwa na umri wa miaka 16, alianzisha kampuni ya StarDivision katika mji wa Lüneburg. Kampuni hiyo ilitengeneza programu ya kuandikia, na baadaye furushi zima la ofisi lililoitwa StarOffice. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Oktoba 2000, Sun iliutoa hadharani msimbo wa programu hiyo, na toleo la 1.0 la OpenOffice.org likakamilika mwaka 2002.

Sun haikufanya hivyo kwa ukarimu mtupu. Ilikuwa inashindana na Microsoft, ambayo wakati huo ilikuwa imeshika soko la programu za ofisi karibu lote, na kuifungua programu ilikuwa njia mojawapo ya kumpunguzia mshindani nguvu. Aliyetaka kuchangia msimbo alitakiwa kutia saini waraka wa kuishirikisha Sun hakimiliki ya kazi yake. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Msimbo ulipokuwa wazi, lugha ambazo hakuna kampuni iliyoziona kuwa na faida ziliweza kuingia. Nchini Afrika Kusini, Dwayne Bailey alianzisha mwaka 2001 shirika la Translate.org.za, likaanza kuzitafsiri programu huria katika lugha za nchi hiyo. Shirika hilo lilifanya jambo moja la busara kuliko tafsiri zenyewe: lilitengeneza zana za kutafsiria, mojawapo ikiwa Pootle, zilizomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kutafsiri kupitia kivinjari. Zana hizo zilikuja kutumiwa duniani kote. Huu ni mfano mmojawapo wa Afrika kuipa dunia kifaa cha lugha, nao haufahamiki vya kutosha.

Kazi ya wafasiri

Sasa tuiingie kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mwanaisimu anapopata chakula chake.

Programu ya ofisi haimfikii mfasiri kama kitabu. Inamfikia kama orodha ndefu ya maneno na sentensi fupi, maelfu kwa maelfu, zilizokatwa kutoka mahali pake. Mfasiri haoni dirisha ambamo neno litatokea. Anaona neno lenye maana ya kufungua, na hajui kama ni amri au ni maelezo ya hali ya faili iliyokwisha kufunguliwa. Kwa Kiingereza umbo ni lilelile. Kwa Kiswahili amri ni fungua, ilhali hali ni wazi, au iliyofunguliwa, lililofunguliwa, kilichofunguliwa, kutegemea ngeli ya kitu kinachozungumziwa.

Hapo ngeli zinaanza kulipiza kisasi. Chukua kivumishi -pya. Waliounda programu walikiweka kama neno moja litakalotumika kila mahali. Lakini sisi tunasema hati mpya, jedwali jipya, kiolezo kipya, viungo vipya. Chukua -ote. Katika kisanduku cha kuchapishia linahusu kurasa, kwa hiyo ni zote. Katika kisanduku cha kutafutia linahusu vipengee, kwa hiyo ni vyote. Na kama ni majedwali, ni yote. Mtengenezaji wa programu aliyeandika neno hilo mara moja, akaliita kutoka sehemu kumi, alidhani anaokoa nafasi. Bila kujua aliandika sarufi ya lugha yake ndani ya mashine.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika sentensi zenye pengo. Mashine ina sentensi iliyoandaliwa, yenye nafasi tupu ambayo itajazwa jina la kitu wakati wa kazi, halafu lifuate neno la kusema kwamba kitu hicho kimefutwa. Je, ni kimefutwa? Kama pengo litajazwa picha, ni imefutwa. Kama ni jedwali, limefutwa. Kama ni mchoro, umefutwa. Kama ni kiungo, ndipo kimefutwa. Mfasiri hana namna ya kujua. Mbinu moja ni kuweka nomino kuu mbele ya pengo ili ishike upatanisho: kipengee fulani kimefutwa. Nyingine ni kukimbilia nomino ya kitendo: ufutaji umekamilika. Mbinu hizi zinafanya kazi, lakini zinaigeuza lahaja ya mashine kuwa ya kirasimu, yenye nomino nyingi na vitenzi vichache. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu kuhusu rejista mpya za Kiswahili wasiende mbali. Waanzie kwenye menyu.

Ukaguzi wa tahajia ni mlima mwingine. Kwa lugha kama Kiingereza, orodha ya maneno laki moja inatosha kwa kuanzia. Kwa Kiswahili orodha haikamiliki. Tukichukua viambishi vya upatanishi vya kiima vipatavyo 16, viambishi vya wakati 5 tu, na viambishi vya yambwa 16, mzizi mmoja unatupa maumbo 1,280, na hapo hatujagusa ukanushi, urejeshi wala minyambuliko. Ni kweli kwamba maumbo mengine hayana maana katika matumizi, lakini mashine haijui hivyo. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitengeneza orodha ya maneno ya kukagulia tahajia iliyotolewa kwa leseni huria na kutumiwa katika OpenOffice.org. Kwa njia nyingine kabisa, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa tangu mwaka 1985 akijenga mfumo wa kuichanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kanuni badala ya orodha. Kitaalamu njia ya Helsinki ndiyo yenye nguvu zaidi, na nadhani hakuna mwanamofolojia atakayebisha. Lakini orodha ya Egerton ilikuwa na sifa moja isiyo ya kiisimu: kila mtu aliweza kuichukua na kuiongezea.

Kuna na mambo madogo yanayochekesha. Programu humtaka mfasiri aseme siku ya kwanza ya juma ni ipi. Kwa majina yetu ni Jumamosi, ingawa kalenda za ofisi zinaanza Jumapili au Jumatatu. Tena tunazo siku mbili zinazoitwa ya tano, Jumatano kwa hesabu yetu na Alhamisi kwa hesabu ya Kiarabu. Saa nazo zinatupinga. Kompyuta inaandika 07:00 na msomaji anasoma saa moja asubuhi. Hadi leo mashine hazijakubali, na Waswahili nao hawajakubali. Hata jina Jambo lilizua manung’uniko, kwamba ni salamu ya watalii, kwa kuwa mwenyeji husema hujambo na hujibiwa sijambo. Mimi sikuona ubaya. Jambo ni shughuli, ni suala, na programu ya ofisi haina kazi nyingine isipokuwa masuala na shughuli.

Istilahi zilitoka wapi? Kwa miongo kadhaa, vyombo vyetu vilikuwa vikibuni istilahi kwa utaratibu wa vikao: orodha inaandaliwa, kamati inakaa, istilahi zinasanifiwa, kijitabu kinachapishwa. Utaratibu huo una heshima yake, nami nimeshiriki katika vikao vya aina hiyo. Lakini kwa kompyuta wenyewe tu, mashine iliyo mbele ya kila karani, tulibaki na kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa pamoja. Tarakilishi ilipata wafuasi Kenya. Ngamizi ilibaki katika vitabu vya Tanzania, labda kwa sababu sikio la msomaji linasikia kuangamiza ndani yake. Na wasemaji wakaendelea na kompyuta. Mfasiri wa programu hana anasa ya kubaki na maneno matatu. Menyu ina nafasi moja. Lazima achague leo, na kesho chaguo lake litaonekana kwa kila anayewasha mashine. Mwaka huohuo wa 2004 TUKI ilitoa chapa ya pili ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi ilisanifisha kwa karatasi. Programu ilisanifisha kwa matumizi.

Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2004 kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili, na mwishoni mwa mwaka 2005 ikafanya hivyo kwa Windows XP na Office 2003. Baadhi ya wenzetu waliona huo ni ushindani wa bure kati ya tafsiri mbili za kitu kimoja. Naona kinyume. Lugha ambayo kampuni iliiacha bila kuigusa kwa miaka mingi ilipata tafsiri mbili katika muda wa mwaka mmoja, na ni vigumu kuamini kwamba hazikuhusiana. Tofauti ilikuwa katika haki. Orodha ya istilahi ya mradi huria ilikuwa mali ya yeyote. Mwanafunzi angeweza kuifungua, kuisahihisha na kuitoa upya. Ile nyingine ilisahihishwa na mwenye nayo tu.

Hati kama amana

Hadi hapa nimezungumzia sura ya programu. Sasa nizungumzie kinachobaki pale programu inapozimwa, yaani hati.

Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 tunausoma hadi leo. Karatasi imechakaa, wino umefifia, mwandiko una matatizo yake, lakini herufi za Kiarabu hazikuwa siri ya fundi mmoja. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizitengeneza baadhi ya herufi hizo ili zibebe sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, na hakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni. Kwa upande mwingine, ninazo data za utafiti wa lahaja nilizoziandika katika miaka ya 1980 kwa programu iliyokwisha kutoweka sokoni, nazo zimo katika diski ambazo leo ni mapambo ya meza. Ni miaka 40 tu imepita, na kile cha karibu karne tatu bado kinasomeka.

Sababu ni kwamba kila programu ya zamani ilikuwa na umbizo lake la kuhifadhia maandishi, na maelezo ya umbizo hilo yalifichwa. Umbizo la hati za Word lililotumika kwa zaidi ya muongo mmoja halikuwa na maelezo yaliyo huru kwa matumizi ya wote mpaka Microsoft ilipoyatoa mwaka 2008. Mwandishi alidhani anamiliki maneno yake. Kwa kweli alimiliki diski, na ufunguo alikuwa nao mwingine.

Umbizo la OpenOffice.org lilikuwa tofauti, na mwezi Desemba 2002 kamati ya shirika la viwango la OASIS ilianza kuligeuza kuwa kiwango cha wote. Kwa wasikilizaji wa hadhara hii, orodha ya waliokaa katika kamati hiyo inafundisha mengi. Haikuwa ya kampuni za kompyuta peke yake. Ilikuwamo kampuni ya ndege ya Boeing, yenye vitabu vya ufundi ambavyo lazima visomeke kwa umri wote wa ndege. Zilikuwamo Nyaraka za Taifa za Australia. Ilikuwamo pia jumuiya ya wataalamu wa maandiko ya Biblia, Society of Biblical Literature, ambayo mtu wake, Patrick Durusau, alikuja kuwa mhariri wa kiwango hicho. Watu waliozoea kuhangaika na miswada ya miaka elfu mbili walielewa mapema kuliko wengine kwamba hati ni amana.

Kiwango hicho, OpenDocument, kiliidhinishwa na OASIS mwezi Mei 2005, na mwaka 2006 kikawa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300. Ufundi wake unaeleweka hata kwa mtu wa fasihi. Hati yenye kiishio cha odt ni mfuko uliofungwa kwa njia ya kawaida ya zip. Ukiufungua utakuta faili ya maudhui, faili ya mitindo, faili ya maelezo kuhusu hati, na picha zake, kila moja mahali pake. Na maudhui ni maandishi yanayosomeka kwa macho, yaliyozungushiwa alama zinazosema hapa aya inaanza, hapa inaisha. Tena hati inatangaza lugha yake. Ndani ya mitindo kuna alama ya sw kwa Kiswahili na TZ au KE kwa nchi, na inaweza kuwekwa hata kwa neno moja lililo ndani ya aya ya lugha nyingine. Kwa anayejenga kongoo, au anayechunguza kuchanganya ndimi, hii ni hazina ambayo nashangaa tumeitumia kidogo mno.

Mvutano uliofuata ulikuwa mkali. Mwezi Septemba 2005 serikali ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliamua kwamba kuanzia Januari 2007 ofisi zake zitahifadhi hati kwa OpenDocument. Kulizuka upinzani wa kibiashara na wa kisiasa, na mkuu wa teknolojia wa jimbo, Peter Quinn, akajiuzulu. Lakini lilikuwamo pia lalamiko ambalo halikuwa la kibiashara: watu wasioona walisema kwamba vifaa vyao vya kuwasomea skrini havifanyi kazi na programu mpya. Walikuwa na haki. Kamati ya kiwango ilishughulikia jambo hilo, na toleo la 1.1, lililoidhinishwa mwezi Februari 2007, likabeba marekebisho kwa ajili yao. Hapa naona ushiriki wa jamii kwa maana yake halisi, kwani waliokuwa nje ya meza walipiga kelele, na kiwango kikabadilika.

Microsoft kwa upande wake ilileta umbizo lake, Office Open XML, lenye maelezo ya kurasa zaidi ya 6,000. Lilishindwa katika kura ya ISO ya Septemba 2007, likajadiliwa Geneva mwezi Februari 2008, na likapita mwezi Aprili mwaka huo. Nchi nne zilikata rufaa, Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela, na rufaa zao zikatupwa. Tangu hapo dunia ina viwango viwili vya kitu kimoja. Tuliosoma historia ya Kimvita na Kiunguja hatuna haki ya kushangaa, ingawa tofauti ipo: mwaka 1928 Wamombasa hawakuwa na mahali pa kukatia rufaa.

Jumuiya na fedha

Kwa nini basi Jambo OpenOffice haikuenea katika ofisi na shule zetu kama ilivyotarajiwa? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba tafsiri ilikuwa ngumu kueleweka. Jibu hilo halinitoshi. Kila istilahi mpya ni ngumu kwa juma la kwanza.

Sababu ya kwanza ni mwendo wa programu yenyewe. Toleo la 1.1.3 lilitafsiriwa Desemba 2004, OpenOffice.org 2.0 ilitoka Oktoba 2005, ikiwa na sura mpya na maneno mapya. Tafsiri iliyogharimu jasho lote lile ilizeeka kabla ya kutimiza miezi 11. Kitabu kikishatafsiriwa kimetafsiriwa. Programu ni shamba, linataka palizi kila msimu. Fedha za mradi hutolewa kwa ujenzi, si kwa palizi, na hili ni kosa la mfumo mzima wa ufadhili ambalo sikuona mtu akilisahihisha.

Sababu ya pili iko kwetu. Mwanafunzi wa Tanzania aliyefundishwa kompyuta alifundishwa kwa Kiingereza, akatahiniwa kwa Kiingereza, na cheti chake kikamtaka ataje menyu kwa majina ya Kiingereza. Kumpa programu ya Kiswahili kulikuwa sawa na kumpa ramani sahihi ya mji ambao hatatahiniwa. Sera ya lugha ya kufundishia, ambayo hadhara kama hii imeijadili tangu nilipokuwa mwanafunzi, iliamua hatima ya programu hiyo kabla haijaandikwa.

Ya tatu inahusu neno jumuiya. Katika Ulaya jumuiya ya programu huria ilikuwa watu wenye ajira, umeme na intaneti nyumbani, wanaotoa saa zao za jioni. Kwetu mwaka 2004 intaneti ilikuwa ya mikahawa, ikilipiwa kwa dakika. Kumwambia kijana ajitolee kulikuwa kumwambia alipie kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo jumuiya yetu ilikuwa kikundi kidogo cha watu wa mradi, na mradi ulipokwisha kikundi kikatawanyika kwenda kutafuta riziki. Silaumu. Nasema tu kwamba tuliazima neno bila kuazima mazingira yake, ilhali tulikuwa na neno letu la ushirika, lenye kanuni zake za zamu, mchango na hesabu, ambalo lingeweza kufaa zaidi.

Kwamba jumuiya yenye mizizi ni kitu tofauti, kulidhihirika baadaye kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na OpenOffice.org ikawa mali yake. Tarehe 28 Septemba 2010 kundi kubwa la wachangiaji lilijitenga, likaunda The Document Foundation, likauita msimbo wao LibreOffice. Waliomba wapewe jina la zamani, Oracle ilikataa. Jina likabaki na mwenye mali, watu wakaondoka na kazi. Mwezi Juni 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, lakini nguvu nyingi ilikuwa imekwisha kuhamia upande wa pili. LibreOffice 3.3 ilitoka Januari 2011, wakfu wenyewe ukasajiliwa Berlin mwaka 2012, na katika katiba yake hakuna kampuni inayoweza kuushika peke yake. Ule waraka wa kuishirikisha Sun hakimiliki, niliowaomba mwukumbuke, haukurudi tena. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilichagua OpenDocument kwa hati za kubadilishana na kuhariri, na mwaka 2024 jimbo la Ujerumani la Schleswig-Holstein lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zake zipatazo 30,000.

Kiswahili kimo ndani ya urithi huo. Katika orodha ya lugha za LibreOffice ipo alama ya sw-TZ, na tafsiri yake haijakamilika. Kazi ya kuijaza leo haihitaji mradi wala nauli ya Sweden. Inafanyika kwa kivinjari, sentensi moja baada ya nyingine, na kila badiliko linabaki na kumbukumbu ya lini liliingia. Chuo chochote chenye kozi ya tafsiri kinaweza kuigawa kazi hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu kama zoezi la muhula, na kuipalilia mwaka hadi mwaka, bila mfadhili. Mimi ningeanza na vivumishi, hasa -pya na -ote, nikapitia kila mahali vinapotokea, kwa kuwa hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapojua, kwa neno moja, kwamba mashine haikuandikwa na mtu wa kwao. Halafu ningezilinganisha istilahi za tafsiri huria na zile za Microsoft, neno kwa neno, kuona ni zipi zilizoshika katika magazeti na vitabu vya shule na ni zipi zilizokufa. Faili za tafsiri huria ni maandishi matupu. Zinafunguka kwa programu yoyote ya kuhariria, katika kompyuta yoyote iliyomo chuoni hapa.